Akiolojia ya Mlimani Ikitazamwa kutoka Songea

Akiolojia ilianza kufundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, mwaka 1985, ikiwa kitengo kidogo ndani ya Idara ya Historia. Kabla ya hapo, Mtanzania aliyetaka shahada ya fani hii ilimbidi avuke mpaka, ilhali Olduvai, Kilwa Kisiwani na michoro ya miambani ya Kondoa viko kwetu, vikichunguzwa zaidi na wageni.

Sisi wa Songea, hata hivyo, tulikuwa tumeshawaona vijana wa Mlimani. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia walitawanywa kusini kukusanya habari za Vita vya Majimaji, wakiongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa. Walioshuhudia vita wakiwa watoto bado walikuwepo, wazee wa miaka sabini na ushee. Mwaka uliofuata O. B. Mapunda na G. P. Mpangara wakachapisha kitabu juu ya vita hivyo hapa Ungoni. Kazi ile ilitegemea masikio na kalamu. Hakuna aliyeshika jembe. Lakini kwa maoni yangu, ndiyo iliyoifungulia akiolojia mlango, kwa sababu ilikiweka chuo kwenye historia ambayo wenyewe wapo na wanaweza kuulizwa.

Kitengo cha 1985 kilianzishwa kwa mchango mkubwa wa Peter Schmidt, Mmarekani aliyekuwa amechimba Buhaya na kufuatilia ufuaji chuma wa kale. Kizazi cha kwanza cha walimu wazalendo kilimalizia masomo nje: Felix Chami alipata udaktari Uppsala mwaka 1994 kwa utafiti wa pwani, na Bertram Mapunda akaupata Florida mwaka 1995 kwa utafiti wa chuma kusini-magharibi mwa nchi. Baadaye kitengo kikapanda ngazi, na leo akiolojia na masuala ya urithi vina idara yake.

Chuma kilifaa sana kufundishia. Mwanafunzi akifika uwandani huzoezwa kwanza kutazama chini. Kipande cheusi, kizito, chenye vitundu na mikunjo kama uji uliomwagika ukaganda, ni mavi ya chuma. Karibu yake huenda pakawa na vipande vya mirija ya udongo iliyopitisha upepo wa mivukuto. Hapo ndipo hupimwa shimo, udongo hutolewa tabaka kwa tabaka kwa mwiko wa mwashi, kisha hupitishwa kwenye chekeche, na kila kigae huandikiwa kilikotoka.

Bertram Mapunda aligeukia vita vya Ungoni katika sura ya kitabu kilichotoka mwaka 2010, akichanganya akiolojia na masimulizi. Nancy Rushohora naye ameandika juu ya akiolojia ya Majimaji na kumbukumbu zake. Ni kazi ya tahadhari. Kilwa unaweza kuchimba msikiti uliohamwa karne nyingi. Songea, kaburi la halaiki la mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, ambao hukumbukwa kuwa 67, lina wajukuu wanaoweka mashada kila Februari. Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa pia, amezikwa peke yake. Makumbusho ya Majimaji, yaliyofunguliwa mwaka 1980 mahali hapo, yamezungukwa na sanamu za viongozi wa vita hivyo, na mtafiti hapigi hata kamba ya kupimia kabla ya kukaa na wazee.

Familia ya Mbano inasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika makumbusho hayo, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu. Mwaka huohuo watafiti wa Berlin walikuwa wameoanisha vinasaba vya mafuvu ya Wachaga yaliyopelekwa huko na vya ndugu zao walio hai, kwa hiyo njia ipo. Mwanafunzi wa Mlimani atakayeifuata atahitaji maabara, idhini ya ukoo, na Kijerumani cha kutosha kusoma madaftari ya wakati ule.