Sentimita Kumi za Maji

Chukua ndoo ya maji na mrija mrefu. Zamisha ncha ya mrija kwa kina cha sentimita 10, kisha puliza polepole mpaka kiputo cha kwanza kitoke. Nguvu uliyotumia kukitoa ndiyo madaktari huiita shinikizo la sentimita 10 za maji. Si nguvu kubwa. Hata mtoto anaiweza. Lakini ndani ya kadiri hiyo kuna namba ambayo kwa mgonjwa fulani ndiyo tofauti ya kulala na kukabwa usiku kucha.

Mashine inayopuliza hewa hiyo, CPAP, husimuliwa zaidi kama hadithi ya uvumbuzi. Mimi naona ndani yake historia nyingine: ya watu waliopeana zamu ya kushika kitufe cha shinikizo, huku mwenye koo akiwa amelala.

Ugonjwa wenyewe ni wa ajabu kwa sababu mgonjwa hawezi kuushuhudia. Akisinzia, misuli ya koo hulegea na njia ya hewa hujifunga. Kifua kinahangaika, oksijeni inashuka, ubongo unashtuka kidogo, koo linafunguka kwa mkoromo mkubwa, kisha mambo yanaanza upya. Kwa wengine hutokea mara mamia kwa usiku mmoja. Asubuhi hakumbuki chochote. Anajua tu kwamba amechoka.

Ndiyo maana sayansi ilichelewa. Mwaka 1956 madaktari wa Marekani walimwandika mgonjwa mnene aliyekuwa akisinzia hovyo, wakaupa ugonjwa jina kutokana na riwaya ya Charles Dickens, The Pickwick Papers, yenye kijana Joe anayelala kila mahali. Macho yao yalikuwa kwenye unene. Ni mwaka 1965 tu ambapo watafiti wa Marseille na Freiburg, waliopima pumzi za wagonjwa usiku kucha, waliona kinachotokea: pumzi ilikuwa ikikatika.

Tiba iliyofuata ilikuwa kali. Tangu mwaka 1969 wagonjwa walianza kutobolewa shimo shingoni, chini ya sehemu inayoziba, wapumue kwa hapo. Ilifanya kazi. Lakini fikiria kuishi na tundu kooni: kuliziba ili uzungumze, kulisafisha makohozi, kuogopa maji ya kuogelea.

Mjini Sydney, mwezi Juni 1980, mgonjwa mmoja aliyeshauriwa upasuaji huo alikataa. Daktari Colin Sullivan, aliyewahi kutafiti pumzi za mbwa waliolala alipokuwa Toronto, alimwomba ajaribu kitu kingine kwa usiku mmoja: hewa ipulizwe puani mfululizo, ilitegemeze koo kwa ndani. Shinikizo la mfululizo lilikuwa limeshatumika San Francisco mwaka 1971 kwa watoto wachanga wenye mapafu machanga. Kwa koo la mtu mzima aliyelala, lilikuwa jambo jipya.

Sullivan alipandisha shinikizo kidogo kidogo. Palifika mahali koo likafunguka na pumzi zikatulia. Akalishusha, koo likaziba. Akalipandisha, likafunguka. Mgonjwa alilala usingizi mzito, akaamka akiwa macho kwelikweli. Mwezi Aprili 1981 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya wagonjwa 5; shinikizo lililowatosha lilikuwa kati ya sentimita 4.5 na 10 za maji.

Tazama namba hiyo ilivyopatikana. Haikutoka kwenye fomula. Ilitoka kwa mtu aliyekesha kando ya kitanda, mkono kwenye kitufe, akimsikiliza mwenzake. Utaratibu huo ukawa kanuni: unalala maabara, fundi anakesha na kompyuta, asubuhi unapewa namba yako, nayo inafungwa ndani ya mashine.

Wagonjwa wa mwanzo walienda nyumbani na mota za vifyonza vumbi zilizogeuzwa kazi, na barakoa zilizobandikwa usoni kwa gundi kila usiku. Mashine ziliboreshwa, ila tatizo moja likabaki. Namba ni ya usiku mmoja. Mwili ni wa kila siku. Uzito hubadilika. Pombe hulegeza koo. Anayelala chali huhitaji nguvu zaidi ya anayelala ubavu. Shinikizo likiwa dogo, koo huziba. Likizidi, barakoa huvuja na tumbo hujaa hewa.

Katika miaka ya 1990 zilikuja mashine zinazojirekebisha zenyewe, sasa aghalabu kati ya sentimita 4 na 20. Mkesha ukahamia kwenye kihisio, nayo mashine ikaanza kutunza kumbukumbu. Nchini Marekani, bima ya serkali ya wazee, Medicare, huzitumia kuamua kama itaendelea kulipia: angalau saa 4 kwa usiku, katika asilimia 70 ya usiku, kwa siku 30 mfululizo ndani ya miezi mitatu ya mwanzo.

Kwa hiyo bima ilijua usiku wa mgonjwa kuliko mgonjwa mwenyewe. Mwaustralia Mark Watkins alitengeneza programu ya bure, SleepyHead, iliyomwezesha mtu kusoma kadi ya mashine yake. Alipoiacha mwaka 2019, wengine waliiendeleza kwa jina la OSCAR. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hapa hata anayekilalia alikuwa hajui. Sasa aliweza kuona grafu ya pumzi zake, na wengine wakajifunza kufungua menyu ya tabibu na kubadili namba wenyewe.

Siwalaumu, lakini hofu ya madaktari si wivu tu. Kuna pumzi zinazokatika kwa sababu ubongo haukutoa amri, ingawa koo liko wazi. Kuziongezea hizo shinikizo kunaweza kuzizidisha. Grafu inahitaji msomaji wa pili.

Kwetu, kukoroma bado ni kichekesho cha asubuhi. Tunasema fulani ana usingizi mtamu. Wengi hawataiona maabara ya usingizi wala mashine yenyewe karibuni. Shahidi waliye naye ni anayelala chumba kimoja nao. Ukisikia mkoromo umekatika ghafla, hesabu. Kimya kikifika sekunde 10, kisha mtu akashtuka kama aliyeibuka majini, na ikajirudia tena na tena, usicheke. Mwambie kukikucha, na umsindikize kwa daktari, kwa sababu yeye hataweza kueleza alichokifanya usiku.