Baiskeli ya kufika Garissa bila kula mchango

Tangu ule ukame uliotunyima misimu mitano ya mvua mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, vijana wa huku Pwani wameniuliza swali moja zaidi ya mara moja. Wakitaka kwenda Garissa kwa baiskeli kuwachangishia ndugu zetu maji na chakula, wanunue baiskeli gani isiyo ghali?

Mimi huanza na pesa. Anayekupa shilingi 200 za maji amekupa za maji. Hiyo ni amana. Baiskeli itoke mfukoni mwako, au kwa mfadhili aliyeambiwa waziwazi kuwa ananunua baiskeli. Ndiyo maana rahisi hapa si aibu. Mpaka wangu ni Sh20,000, pamoja na matengenezo.

Sasa itazame njia. Mombasa, Malindi, Garsen, Hola, Madogo, kisha daraja la Tana na umeingia Garissa: takriban kilomita 460, nyingi zikiwa tambarare. Kwa hivyo usihangaike na gia 27. Taabu ya njia hii ni jua, mwiba na uzito wa maji.

Mwiba wenyewe ni mathenge. Mti huu ulipandwa Bura miaka ya 1980 ili watu wapate kuni, na leo umetapakaa kando ya Tana hadi Garissa. Mwiba wake hupenya tairi jembamba kama sindano. Zile baiskeli za mashindano, zenye tairi la upana wa kidole, waachie wenye gari la fundi nyuma yao. Chukua tairi la inchi 26 lenye upana wa inchi 1.75 au 2, kisha mwambie fundi akate tairi kuukuu, atoe kingo zake na kulilaza ndani, kati ya tairi na tyubu. Linaongeza uzito kidogo, lakini pancha zitapungua sana.

Black Mamba je? Naiheshimu. Kwa kawaida gurudumu lake la nyuma lina spoki 40, na keria yake hubeba gunia. Hakuna fundi asiyeijua. Lakini ni chuma kizito chenye gia moja, na upepo ukikukabili utajuta. Wapwani tunazijua pepo zetu: kaskazi itakupiga usoni njia nzima ya kwenda, kusi itakusukuma. Ukisafiri Julai au Agosti unapata kusi, na mafuriko ya masika yameshapungua. Wanaokumbuka jinsi maji yalivyoikata barabara ya Madogo mwisho wa 2023 na tena Aprili 2024 hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mimi ningechagua mtumba: baiskeli ya milimani ya zamani, fremu ya chuma, uma wa mbele usio na springi. Zile mpya zinazong'aa, zenye springi mbele na nyuma kwa bei ya chini, ni mapambo. Springi zake hunyonya nguvu zako na zikiharibika Hola hupati kipuri. Fremu ya chuma ikipasuka, mchomelea mageti yeyote ataiunga.

Kabla hujalipa, simama ukiipanda kwa miguu miwili chini. Pawe na nafasi ya vidole viwili vitatu kati yako na bomba la juu. Zungusha magurudumu uone kama yanayumba. Weka rula kwenye mnyororo: pini 24 zichukue inchi 12 kamili. Zikizidi kwa milimita 2, mnyororo umechoka, na huenda umeshakula meno ya friwili. Mwenye duka akikuzuia kupima, nenda duka la pili. Valvu iwe ya aina ya gari, ili kituo chochote cha petroli kikujazie upepo.

Keria ni lazima. Kutoka Hola hadi Garissa ni zaidi ya kilomita 120, na joto la huko hupita nyuzi 35 mara nyingi. Mtu anayekanyaga hunywa karibu lita moja kwa saa, na lita sita ni kilo sita. Usizibebe mgongoni, zifunge nyuma. Ongeza tyubu mbili, viraka, gundi, pampu na spoki chache za saizi yako. Tembea asubuhi mapema, pumzika adhuhuri, na usiingie njiani usiku. Polisi wa vituo vya barabarani wajue mnapita, kwa sababu hali ya usalama katika barabara hiyo hubadilika.

Halafu ipande wiki sita kabla ya safari, ukiwa na mzigo kamili. Mombasa hadi Kilifi na kurudi ni zaidi ya kilomita 100. Spoki dhaifu na kiti kibaya vitajitangaza hapo, fundi wako akiwa karibu. Mkifika Garissa, baiskeli zenyewe zaweza kuachwa huko kama sadaka, kwa mwalimu wa madrasa au muuguzi wa zahanati, nanyi mkarudi kwa basi.