Wakatekumeni wawili wa Atene

Kila mwaka, tarehe 2 Januari, Kanisa linawakumbuka pamoja Mtakatifu Basili Mkuu na Mtakatifu Gregori wa Nazianzo. Kwa nini siku moja kwa watu wawili? Wengine watajibu: kwa sababu wote wawili walilitetea fundisho la Utatu Mtakatifu mbele ya Waario. Ni kweli. Lakini kabla ya kuwa maaskofu na Walimu wa Kanisa, hao wawili walikuwa wanafunzi wenye chumba kimoja na meza moja, ugenini, katika mji wa Atene, karibu na mwaka 350. Na wakati huo hata ubatizo walikuwa hawajaupata. Leo tutauacha uaskofu wao, tuwatazame katika chumba hicho.

Habari zao tunazo kwa kalamu ya Gregori mwenyewe. Tunazo pia habari za wapagani wawili, Libanius na Eunapius, ambao nao walisoma Atene katika karne ile, mmoja mbele yao kidogo, mwingine nyuma yao. Tukiziweka habari hizo pamoja, maisha ya mwanafunzi wa siku zile yanaonekana wazi kuliko tunavyodhani.

Wote wawili walitoka Kapadokia, nchi ya nyanda za juu na baridi kali, ambayo leo imo ndani ya Uturuki. Baba yake Gregori alikuwa mtu aliyeongolewa na mke wake Nonna, kisha akafanywa askofu wa Nazianzo. Baba yake Basili alikuwa mwalimu wa ufasaha. Na ufasaha ndio uliowatoa vijana kwao. Atene haikuwa tena mji wa nguvu. Wafalme walikaa kwingine. Lakini aliyetaka kuwa wakili, au mwalimu, au mtu wa serikali, ilimpasa kujua kusema mbele ya watu, na sifa ya Atene kwa jambo hilo ilikuwa imeenea katika nchi zote za bahari ile.

Gregori alipitia kwanza Kaisaria ya Palestina na Aleksandria. Huko alimwacha ndugu yake Kaisario, aliyetaka kusoma uganga. Yeye mwenyewe hakuwa na subira. Alipanda merikebu wakati wa mwaka ambapo mabaharia wenye akili hukaa pwani, na karibu na kisiwa cha Kipro tufani ikawapata. Siku ishirini walitupwa huku na huku. Chombo cha maji ya kunywa kilivunjika, maji yote yakaenda baharini, wakaanza kufa kwa kiu, hata wafanya biashara wa Foinike waliokuwa katika merikebu nyingine walipowakaribia kwa shida na kuwapa. Wenzake waliogopa kifo. Gregori anasema kwamba yeye aliogopa zaidi jambo jingine: kufa bila kubatizwa. Desturi ya watu wengi zamani zile ilikuwa kuuchelewesha ubatizo mpaka utu uzima, na sisi tunaofundisha wakatekumeni tunapoyasoma maneno hayo tunaona jinsi desturi hiyo ilivyokuwa mzigo. Alilala kifudifudi merikebuni, akamwahidi Mungu maisha yake yote kama atapona. Akapona.

Mwanafunzi aliyefika salama bandarini hakuwa salama bado. Kila mwalimu wa Atene alikuwa na kundi lake, na wanafunzi wa zamani walivizia wageni bandarini na njiani ili kuwapeleka kwa mwalimu wao. Kwa kawaida makundi yalifuata nchi: waliotoka Ponto na nchi jirani walikwenda kwa Prohaeresius, Mkristo wa Armenia; wa Arabuni walikwenda kwa Diophantus; wa mashariki kwa Epiphanius. Lakini mkono wenye nguvu ulishinda desturi. Libanius wa Antiokia alifika mwaka 336 akiwa na mwalimu wake moyoni, amemchagua tangu kwao. Watu wa kundi moja walimkamata usiku, kesho yake wengine wakamnyang'anya, wakamfungia katika kijumba kidogo kama pipa mpaka alipokubali kuapa kwamba atasoma kwa mwalimu wao, siye yule aliyemtaka. Ndivyo alivyoanza masomo yake mtu aliyekuja kuwa fundi wa ufasaha kuliko wote wa wakati wake.

Baada ya hapo ilifuata desturi ya kumwogesha mgeni. Gregori anaisimulia kama mtu aliyeiona mara nyingi. Kwanza mgeni alikaribishwa nyumbani mwa yule aliyempata, awe rafiki, jamaa au mtu wa kwao. Kisha kila aliyependa alimchokoza kwa maneno, wengine kwa ukali, wengine kwa werevu, kadiri walivyomwona ni mtu wa shamba au wa mjini. Halafu walijipanga wawili wawili wakamchukua katikati ya soko kwenda nyumba ya kuogea. Walipokaribia, ghafula wakaruka na kupiga kelele kama wenye wazimu: Asimame! Asiendelee! Maji yanamkataa! Wakagonga milango kwa kishindo ili kumtisha. Mwishoni wakamfungulia, akaoga, na alipotoka alikuwa mmoja wao, sawa na wote. Gregori anasema kwamba kwa asiyejua jambo lilionekana la kutisha, kwa anayejua lilikuwa mchezo. Labda. Hata katika vyuo vyetu vya Kongo mgeni amepewa jina lake, «bleu», na wapo waliocheka siku ile pamoja na wenzao lakini hawakuisahau kamwe.

Basili alipofika, Gregori alikuwa amekwisha kupata heshima kidogo mjini. Walikuwa wameonana zamani huko Kaisaria, akamjua kuwa kijana mpole, mzito wa maneno, asiyependa mizaha. Akawaendea wenzake mmoja mmoja akiwaomba wamwache. Wakakubali. Anasema kwamba Basili karibu alikuwa peke yake kuepushwa desturi ile. Jambo dogo, lakini huko ndiko urafiki ulikowashia moto wake.

Hata hivyo wivu haukukosa. Vijana fulani wa Armenia, waliomjua Basili tangu shule ya baba yake, walimjia na maswali ya kumtega, wakijifanya wapenda elimu. Hapa Gregori anakiri kosa lake. Kwa kuwa hakutaka jina la Atene lishindwe na mgeni, alisimama upande wao. Kisha akaona kwamba hawatafuti ukweli, wanatafuta kumwaibisha mtu. Akageuka mara moja, na Waarmenia wakaondoka wameshindwa. Lakini Basili alikuwa ameumia. Akakaa chumbani na huzuni, akasema kwamba Atene ni heri tupu, jina kubwa lisilo na kitu ndani. Ni nani aliyekwenda mbali kusoma asiyeyajua majuma hayo ya kwanza? Mji uliousikia ukisifiwa tangu utoto, leo unauona kwa macho, na hauna habari nawe. Gregori hakumpa hotuba. Alimwambia tu kwamba mji haujulikani kwa siku chache, kama vile mtu hajulikani kwa siku chache. Kisha wakaanza kukaa pamoja.

Kukaa pamoja kulikuwa pia njia ya kushinda umaskini. Eunapius anatuambia habari ya Prohaeresius mwenyewe alipokuwa bado mwanafunzi. Yeye na rafiki yake Hephaestion walifika Atene hawana kitu. Kwa watu wawili walikuwa na vazi moja tu la kutokea nje, na mablanketi matatu au manne yaliyochakaa na kupauka. Prohaeresius alipokwenda kwa mwalimu, Hephaestion alijifunika mablanketi kitandani na kujifunza hotuba zake humo humo. Kesho yake walibadilishana. Basili na Gregori hawakufika hapo, maana walikuwa wana wa watu wenye mashamba. Lakini mwalimu aliyewafundisha alikuwa ndiye huyo wa vazi moja, na si ajabu kama alijua kuwatazama vijana walioficha shida zao.

Masomo yalikuwa ya namna gani? Kwanza kusikiliza hotuba za mwalimu, kisha kutunga na kusema mbele ya wenzako, nao wakakupima. Basili alisoma ufasaha, sarufi na mashairi, falsafa, na pia nyota na hesabu kadiri zilivyomfaa. Uganga alijifunza kwa sababu ya mwili wake mwenyewe, kwa kuwa aliugua mara kwa mara. Na makundi yalipigana. Si maneno tu, bali mawe, hata damu ikamwagika. Eunapius aliiona nyumba ya mwalimu mmoja aliyejenga ukumbi mdogo wa mawe meupe ndani ya kwake, maana walimu hawakuthubutu tena kufundisha hadharani.

Roma nayo ilikuwa na shida hiyo hiyo, na huko serikali iliingilia. Tarehe 12 Machi 370 Kaisari Valentinianus alitoa sheria juu ya wanafunzi wageni. Kila mmoja alete barua ya mkubwa wa jimbo lake. Aandikishwe, aseme anasoma nini na analala nyumba gani. Asiende mno kwenye michezo ya ukumbini, asijitie katika karamu zisizo na saa. Mwenye kufanya aibu apigwe mijeledi mbele ya watu na kutiwa merikebuni arudi kwao. Mwenye bidii akae mpaka miaka ishirini. Sheria hiyo inawataja kwa jina wanafunzi waliotoka Afrika. Tunakiri kwamba tulipoisoma mara ya kwanza tulicheka: barua, daftari, anwani, muda wa kukaa! Wanafunzi wetu waliokwenda Ulaya wanazijua karatasi hizo.

Atene ilikuwa imejaa sanamu za miungu, na Gregori anasema wazi kwamba ulikuwa mji wa hatari kwa roho. Yeye na Basili walijua njia mbili tu: moja ya kwenda kanisani, ya pili ya kwenda kwa walimu. Njia za sikukuu za kipagani, za michezo na za karamu waliwaachia wenye kuzipenda. Wengine walijisifia jina la baba zao. Wao walitaka jina moja, la Kikristo. Mwaka 355 alikuja kijana mwingine, jamaa ya Kaisari, jina lake Julianus. Gregori alimtazama: shingo isiyotulia, macho ya kurukaruka, maswali bila mpango. Julianus naye alikuwa amelelewa katika Ukristo. Akawa Kaisari mwaka 361, akaikana imani, na mwaka 362 akawakataza Wakristo kufundisha vitabu vilevile walivyosoma wote watatu. Prohaeresius alipewa ruhusa ya peke yake kubaki. Akakataa, akaacha kiti chake.

Siku ya kuondoka Basili, karibu na mwaka 356, wenzao na baadhi ya walimu waliwazunguka wakilia na kuwashika nguo. Basili alieleza sababu zake akaachiliwa. Gregori akashindwa na machozi yao, akabaki kidogo, kisha akamfuata. Basili alirudi nyumbani amejaa kiburi cha elimu. Dada yake Makrina ndiye aliyemshusha. Walibatizwa wote wawili kwao, baada ya masomo.

Ingekuwa vizuri kuishia hapo. Lakini mwaka 372 Basili, sasa askofu mkuu, alimweka Gregori kuwa askofu wa Sasima, kituo cha njia panda chenye vumbi na makelele ya magari, kisicho na maji wala majani, kwa sababu alihitaji mtu wake pale. Gregori aliumia sana. Katika shairi la maisha yake anamkumbusha Basili habari ya Atene: nyumba moja, moyo mmoja, ahadi zao, na anasema kwamba upepo umechukua yote. Basili alikufa mwaka 379. Miaka michache baadaye Gregori alisimama Kaisaria kumsifu marehemu. Hakuificha Sasima, alisema kwamba jambo hilo peke yake hawezi kulisifu. Kisha, mbele ya watu wa Kaisaria waliomjua Basili kama askofu tu, mzee yule aliwasimulia kwa urefu habari za wanafunzi: soko, wale waliojipanga wawili wawili, kelele mlangoni pa nyumba ya kuogea, na jinsi alivyozunguka kwa wenzake mmoja mmoja akiwaomba wasimguse.