Tarehe ya Wakilindi: kutoka Nguu hadi Vugha

Segera wengi huijua kwa njia panda yake. Basi la kutoka Dar es Salaam likifika hapo, kulia ni Muheza na Tanga, kushoto ni Korogwe, Mombo na Moshi. Lakini watu walipita nchi hii zamani sana kabla ya lami. Magharibi, ukishaiacha Handeni, kuna Kilindi na milima ya Nguu. Kaskazini, ng'ambo ya mto Ruvu ambao ramani huuita Pangani, imesimama milima ya Usambara. Kati ya milima ile na hii alipita mwindaji mmoja, na kizazi chake, Wakilindi, kikatawala Usambara kwa miaka 200 na zaidi.

Mwindaji huyo ni Mbegha, mtu wa Nguu. Wazee husimulia kwamba alizaliwa kigego, yaani aliota meno ya juu kwanza, na mtoto wa namna hiyo aliogopwa kuwa analeta mikosi kwa ukoo. Wazazi wake walipokufa, ndugu zake wakamnyima urithi. Akachukua mikuki na mbwa wake, akahamia Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkuu wa nchi hiyo. Siku moja wakiwa mawindoni, kijana yule akauawa na nguruwe mwitu. Mbegha hakungoja kuulizwa. Yeye na vijana waliokuwa naye wakakimbia porini, wakawa wanaishi kwa nyama na kulala mapangoni, mpaka wakavuka na kupanda Usambara.

Wasambaa walikuwa wakulima wenye migomba na nafaka, ila nyama kwao ilikuwa adimu. Mbegha akawagawia nyama, wao wakampa vyakula vya shamba. Nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba akawaua. Akaamua kesi zao, akaoa kwao. Kisha akaua simba, na watu wakamwita Simba Mwene, jina ambalo kila mfalme wa Wakilindi baada yake alilirithi. Makao yake yakawa Vugha. Wanawe kwa mama mbalimbali wakapewa nchi ndogondogo za kutawala, kila mmoja akiwa kwa wajomba zake, na kwa njia hiyo mgeni akageuka mwenyeji. Kwangu mimi, hapa ndipo penye siri ya ufalme ule: Wakilindi waliingia Usambara kwa chungu cha nyama na kwa ndoa kabla ya kuingia kwa mkuki.

Steven Feierman, mwanahistoria aliyeandika kitabu kizima juu ya ufalme wa Wasambaa mwaka 1974, anamweka Mbegha katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Baada yake alitawala mwanawe Buge. Ufalme ulifikia kilele chake kwa Kimweri ye Nyumbai, ambaye nguvu zake zilishuka mpaka Bonde na pwani. Krapf, mmisionari Mjerumani, alimtembelea Kimweri mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Mwaka 1857 wakaja wasafiri Waingereza, Burton na Speke. Hata hivyo huku chini, upande wa Handeni, mkono wa Kimweri ulikuwa mfupi. Wazigua walikuwa wamepata bunduki kutoka pwani mapema kuliko yeye, na mtu mwenye bunduki hakuona sababu ya kupeleka kodi mlimani.

Kimweri alifariki mwaka 1862, na nyumba ikagawanyika. Mjukuu wake Shekulwavu alishika kiti, lakini Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri, alikuwa amekaa Mazinde, kwenye tambarare ambako misafara ya pembe ilipita. Semboja alikuwa na biashara, bunduki na marafiki wa pwani. Akamwondoa Shekulwavu, akamweka mwanawe mwenyewe Vugha, naye akabaki Mazinde kwenye njia ya fedha. Wabondei wakawaasi Wakilindi. Watu waliuzana utumwa kwa maelfu, na aibu hiyo haipaswi kufunikwa na sifa za wafalme. Mwaka 1895 Wajerumani, watawala wapya wa nchi, walimnyonga Mputa, mtoto wa Semboja. Mwaka 1898 Vugha iliteketea kwa moto. Uchifu wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1963.

Tunayajua mengi ya hayo kwa sababu ya mtu mmoja, Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyekaa Usambara na kuwajua wakubwa wa wakati wa Semboja. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichapwa kwa sehemu na wamisionari wa Magila mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kisha J. W. T. Allen akakitoa tena mwaka 1962. Ni katika nathari bora za Kiswahili tulizonazo. Lakini Abdallah aliandika zaidi ya miaka 100 baada ya Mbegha, akisikiliza zaidi masimulizi ya wenye kiti. Koo zilizokuwa Usambara kabla ya Wakilindi zina maneno yao.

Ulaya nako wamelipitia jambo hili la asili ya wafalme kuandikwa na watu waliokuja baadaye sana. Wafranki, kabila lililoipa Ufaransa jina lake, walitawaliwa na ukoo uliojinasibisha na babu aitwaye Merovech, ambaye hadithi moja inasema mama yake alikutwa na mnyama wa baharini. Mwandishi wao mkuu, askofu Gregory wa Tours, aliandika karibu miaka 100 baada ya Childeric, mfalme wa ukoo huo, aliyekufa mwaka 481 au 482. Kwa muda mrefu watu walikuwa na maandishi tu. Mwaka 1653, mafundi wakichimba msingi katika mji wa Tournai, ambao leo uko Ubelgiji, wakalikuta kaburi la Childeric mwenyewe: panga, dhahabu, nyuki wadogo wa dhahabu kwa mamia, na pete yenye jina lake. Katika karne ya 20 wachimbaji walirudi, wakakuta jirani mashimo walimozikwa farasi. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba baba wa Clovis, mfalme anayesifiwa kwa ubatizo wake, alizikwa kwa desturi za kipagani tena kwa fahari kubwa. Gregory hakuyaandika hayo. Udongo ndio ulioyasema.

Na udongo wa huku kwetu una nini? Miaka ya 1960 mwanaakiolojia Robert Soper alichunguza Pare na Usambara, akakuta vyungu vya aina aliyoiita Kwale, vya watu waliolima na kufua chuma tangu karibu karne ya 3. Ukikishika kigae cha Kwale utaona ukingo mnene uliokatwa pembepembe na mifereji iliyopitishwa kwa kidole au kijiti udongo ukiwa mbichi. Vinavyofuata, vya kuanzia karibu karne ya 6, vina pembetatu zilizochorwa shingoni na kujazwa mistari. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amevieleza sana vyungu vya pembetatu, kwa sababu ndivyo vinavyopatikana pia katika miji ya mwanzo ya Waswahili. Katika miaka ya 2000 Jonathan Walz alifuata bonde la Ruvu kutoka pwani, na karibu na Mombo, mahali paitwapo Kwa Mgogo, akapata shanga na vitu vya bahari vya milenia ya kwanza. Kwa hiyo wakati Gregory anaandika habari za Wafranki, bonde hili lilikuwa na wafua chuma, na karne chache baadaye lilikuwa linabadilishana mali na Bahari ya Hindi. Mbegha alipovuka alikuta nchi iliyokuwa na watu wake kwa zaidi ya miaka 1,000.

Jambo hili halimpunguzii Mbegha kitu. Linawarudishia heshima wale waliompokea.

Leo Segera, Mkata na Korogwe zinajengwa kwa kasi. Msingi unachimbwa, trekta linalima, na katika kifusi hutoka vigae, mavi ya chuma na vipande vya mirija ya udongo ya mivukuto. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Basi, ndugu msomaji, ukikuta kigae chenye pembetatu shingoni, usikiokote ukaondoka nacho wala usikitupe barabarani. Kiache kilipo, piga picha, kisha mwarifu mtendaji wa kijiji au afisa utamaduni wa wilaya, kwa maana kikishatolewa mahali pake hakiwezi tena kutuambia kilikuwa cha nani wala cha lini.