Gitaa Lisilokwaruza la Miji ya Mlima Kenya

Ukisikiliza gitaa la muziki wa Kikuyu, kuanzia rekodi za Joseph Kamaru wa Kangema na Daniel Kamau wa Gatanga hadi mtindo wa mugithi unaopigwa leo katika baa za Nyeri, Karatina na Nanyuki, utakuta tabia moja iliyodumu: kila uzi unasikika peke yake, mkavu na mwangavu, bila mkwaruzo. Wengi husema sababu ni uhaba wa vyombo: Wazungu walikuwa na amplifaya za valvu na pedali za mkwaruzo, wapigaji wa Mlima Kenya hawakuwa nazo. Hoja hiyo inaingia akilini upesi, lakini imetanguliza mkia. Mkwaruzo ndio uliokuwa rahisi kupatikana. Usafi ndio uliohitaji juhudi.

Valvu inayokuza sauti ina kikomo chake. Ukiisukuma kupita hapo hushindwa kufuata wimbi la sauti hadi kileleni, hulikata kichwa, na gitaa huanza kunguruma. Mpigaji wa roki anapounganisha pedali mara nyingi hutumia udhaifu huohuo: hupunguza mkwaruzo wa pedali yenyewe, hupandisha nguvu inayotoka, kisha huiacha valvu ielemewe. Pedali ya Maestro Fuzz-Tone ilipoingia sokoni mwaka 1962, iliuza kitu ambacho amplifaya dhaifu ilikitoa bure. Bendi yenye amplifaya ndogo katika ukumbi uliofurika haikuhitaji pedali. Kupandisha sauti hadi mwisho kulitosha. Kwa hiyo uhaba wa vyombo ungezidisha mkwaruzo, wala usingeuondoa.

Basi kwa nini mkwaruzo ulikwepwa? Sababu ya kwanza iko vidoleni. Noti mbili zikipita pamoja katika valvu iliyoelemewa huzaa nyingine ambazo hakuna aliyezipiga. Roki huvumilia hilo kwa kushika noti mbili tatu tu kwa pamoja. Mpiga mugithi, ambaye mara nyingi ni mtu mmoja na gitaa lake, hubeba besi kwa kidole gumba huku vidole vingine vikijibu juu. Vyote vikipita kwenye mkwaruzo mmoja, vinakuwa uji. Sababu ya pili ni maneno. Wimbo wa Kamaru kuhusu mwalimu na mwanafunzi wa kike uliwakasirisha walimu, na mwaka 1975 aliimba juu ya kuuawa kwa mwanasiasa J.M. Kariuki. Nyimbo za namna hiyo hupimwa neno kwa neno, na gitaa linalonguruma hukaa palepale inapokaa sauti ya mwimbaji.

Atakayepinga atasema usafi huo uliazimwa tu kwa Jim Reeves na kantri ya Marekani, inayopendwa mno katika miji hii. Ni kweli kantri iliacha alama. Lakini sahani za roki nazo zilivuka bahari, na katika miaka ya 1970 bendi za Zambia kama WITCH ziliukumbatia mkwaruzo kwa mikono miwili. Milango yote miwili ilikuwa wazi. Wapigaji wa Mlima Kenya waliingia ule ulioacha nafasi ya maneno. Ndiyo maana hata leo, mugithi ukipamba moto na wachezaji wakijipanga nyuma ya mwenzao kama mabehewa ya gari moshi, spika huongezwa sauti, na bado kila neno linasikika.