Tarehe ya Cookham, Kijiji cha Mto Thames

Cookham ni kijiji kidogo cha Berkshire, magharibi ya London, kilichokaa ukingoni mwa Thames. Kumbukumbu za mali za mfalme William, za mwaka 1086, zimekiandika kuwa milki ya mfalme. Kanisa lake ni la tangu karne ya 12. Reli ilifika 1854, na daraja la chuma, lililojengwa 1867, lilitoza ushuru kila mpitaji hadi 1947.

Lakini mambo kama hayo vijiji vingi vya mto ule vinayo. Cookham ilipata mtu wa kuitazama. Stanley Spencer, mtoto wa mwalimu wa muziki, alizaliwa mtaa mkuu wa hapo 1891. Aliposomea uchoraji London, jioni alipanda treni kurudi kwao, hata wanafunzi wenzake wakamwita Cookham.

Kila Julai mashua za mfalme na za vyama viwili vya kale vya London, cha wauza mvinyo na cha watia rangi nguo, hupita mtoni kuhesabu bata maji, wale weupe wenye shingo ndefu. Mwaka 1915 Stanley alianza kuchora shughuli hiyo: bata wamefungwa, wanabebwa na wanaume kutolewa majini, daraja liko nyuma yao. Kabla hajamaliza, vita vikamchukua. Turubai ikabaki nyumbani, naye akaenda kuuguza majeruhi Bristol, kisha akapelekwa Macedonia. Mwaka 1918 kaka yake Sydney aliuawa vitani. Stanley aliporudi aliikuta picha inamngoja, akaimaliza 1919. Kwangu mimi, hakuna maandishi ya tarehe ya kijiji hicho yanayoishinda.

Kati ya 1924 na 1927 alichora ufufuo wa wafu kwenye turubai yenye upana wa mita 5 na nusu. Makaburi yanayofunguka ni ya uwanja wa kanisa la Cookham, na mto ule ule unapita pembeni. Aliamini kwa dhati kwamba pepo inaweza kuanzia pale.

Alifariki 1959. Kanisa dogo la Kimethodisti alikosali utotoni limekuwa jumba la picha zake tangu 1962. Humo kimehifadhiwa kigari cha mtoto, kikuukuu, alichokuwa akikisukuma vichochoroni kikiwa kimebeba rangi, brashi na mwavuli wake.