Tembo la Ndizi, Klorofomu na Sindano ya Ubavuni: Maumivu ya Mzazi Yalivyotafutiwa Dawa



Hapa dukani tunashona nguo za maharusi, na baada ya mwaka hivi wale wale hurudi kutaka madira mapana ya kunyonyeshea. Wakija, mazungumzo ni uzazi tu. Wengi waliofanyiwa operesheni wanatwambia jambo moja: kisu hawakukisikia, kilichowatesa ni usiku wa baada yake. Na walinyamaza, maana wameambiwa mwanamke ni kuvumilia.

Basi leo tutizame walikotoka wenzetu.

Mwaka 1879, msafiri kutoka Uingereza, Robert Felkin, alikuwa Bunyoro, katika Uganda ya leo. Huko alimwona mganga akimpasua mama mjamzito. Mama alinyweshwa tembo la ndizi mpaka akawa nusu mlevi, na tembo hilo hilo likaoshewa mikono na tumbo. Jeraha lilifungwa kwa vijiti vya chuma na nyuzi za gome la mti. Felkin alipoondoka siku ya 11, mama na mwana walikuwa wazima. Tembo kwetu ni haramu, lakini tazama nia yao: hawakumwacha mama na maumivu makavu.

Edinburgh, mwaka 1847, James Young Simpson alianza kuwavutisha wazazi etha, kisha klorofomu. Wako waliompinga wakidai uchungu ni agizo la Mungu. Mwaka 1853 Malkia Victoria mwenyewe akapewa klorofomu na Daktari John Snow akimzaa Leopold. Mwaka 1898 August Bier wa Ujerumani akatia kokeini kwenye uti wa mgongo. Hapo ndipo ilipoanzia ganzi ya mgongo tunayopigwa leo kwa dawa nyengine.

Lakini ganzi hiyo huisha baada ya saa chache. Ikisha, mshono unaamka.

Mwaka 2001 daktari aitwaye Rafi alieleza njia ya kutia ganzi kwenye ukuta wa tumbo. Mwaka 2008 John McDonnell na wenzake wa Ireland walitoa matokeo ya kuijaribu kwa waliopasuliwa uzazi: waliotiwa walihitaji mofini kidogo kuliko wenzao.

Sisi mafundi tunaielewa upesi. Tumbo ni kama koti lenye bitana, misuli tabaka juu ya tabaka. Mishipa ya fahamu inayopeleka maumivu ya mshono inapita kati ya tabaka mbili za ndani. Daktari anatizama kwa altrasaundi, anapitisha sindano kila ubavu, anamimina ganzi hapo katikati. Akili iko macho, mzazi anampakata mwanawe.

Haiondoi msokoto wa mji wa mimba. Aliyetiwa mofini mgongoni pia mara nyingi haimwongezei nafuu kubwa. Na si kila hospitali utaikuta. Kwa hiyo bibi harusi wetu, siku ya kliniki uliza mapema: "Nikipasuliwa, mtanituliza maumivu kwa dawa gani?"

Bi Maryam alipobanwa na uchungu chini ya mtende, aliyasema maumivu yake. Mola hakumkemea, alimpa maji na tende mbivu. Nani basi atukemee sisi tukiomba dawa?

Allah awasahilishie wazazi wetu wote. Amin.